Uraibu, soba (nyumba za kuwasaidia waraibu kuacha) na kupona: maswali tunayoulizwa sana hapa Kigoma

Haya maswali yanakuja kila siku, mengine kwenye foleni ya hospitali, mengine msibani watu wamekaa kwenye mkeka, mengine usiku mtu anapiga simu ananong'ona ili mume asisikie. Nimeyaweka pamoja, majibu nimeandika kama tunavyoongea. Ukiyasoma utaona mengi yanauliza kitu kimoja kwa sura tofauti, yani kuna namna ya kuimaliza hii shida kwa siku moja? Hakuna. Ukishalikubali hilo mengine yanaeleweka kirahisi.

Kwani uraibu si tabia mbaya tu? Mbona mimi nakunywa na sijawa hivyo?

Kuanza mara nyingi ni kuamua, hilo hatubishani. Ila ubongo ukishazoea, kuamua kwenyewe kunakuwa kugumu. Kuna kemikali kichwani inaitwa dopamini, ndo inakuambia hiki kitu kizuri rudia tena, chakula kinaiamsha, hela inaiamsha, mtoto akikukimbilia mlangoni inaamka. Sasa pombe na unga (heroini) zinaiamsha kupita kiasi, zikirudiwa sana vile vingine vyote vinakosa ladha. Ndo mana unamkuta baba anampenda mwanae kweli kabisa na bado ada ya shule kainywa. Kumpenda hajaacha.

Kwanini wewe hujawa hivyo, ni mchanganyiko. Kurithi kunachangia karibu nusu, ukiangalia ukoo wenu vizuri utaona. Iliyobaki ni maisha: ulianza na umri gani, umepitia maumivu gani, unakaa na nani, na kitu chenyewe kinapatikana umbali gani na mlango wako. Aliyeanza akiwa darasa la sita yupo kwenye hatari kubwa kuliko aliyeanza mtu mzima, hii inajulikana kabisa, alafu bado kuna wazazi wanamtuma mtoto akanunue gongo na njiani anaonja.

Si karogwa huyu? Hakuwa hivi jamani.

Watu wa mikoa mingine wanatutania sana Kigoma kwa mambo ya uchawi na sisi wenyewe tunajitania, kwaiyo hili swali sishangai nikilisikia. Jibu langu ni kwamba dalili za uraibu zinafanana Kigoma, Dar, Ulaya na kila mahali, mtu anadanganya, anaiba vitu vya ndani, anaapa kwa Mungu leo mwisho na jioni amerudi vilevile. Kama ni mchawi basi anafanya kazi dunia nzima kwa mtindo mmoja.

Kisomo na maombi siyapingi, watu wengi wamepata nguvu huko na wenzao wa ibada ndo waliowashika mkono mpaka wakasimama. Ila akitokea shehe, mchungaji au mganga akasema acha dawa za hospitali, au akamfunga mgonjwa kamba kwenye mti, hapo mchukue mtu wako muondoke. Na yule anayetaka mbuzi wawili na laki tatu ndo aanze kazi, huyo sina la kusema, mnajua wenyewe.

Tukimfungia ndani wiki moja bila kitu, si itatoka yenyewe?

Hapa naomba usome taratibu maana hili ndo linaloua.

Kama ni mtu wa POMBE, wa kila siku, yule ambaye asubuhi lazima azimue ndo mikono itulie, kumkatia ghafla nyumbani ni hatari. Masaa kama 6 hivi tangu alipokunywa mara ya mwisho anaanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, hakai sehemu moja. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa ata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi wengine wanachanganyikiwa, anaona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo, joto linapanda, moyo unakimbia, na hapo mtu anakufa kabisa. Familia inasema mapepo yanatoka. Mapepo hapana, ni ubongo uliozoea kuzimwa na pombe kila siku, sasa pombe haipo na wenyewe umewaka bila breki. Hospitali kuna dawa ya kuutuliza, diazepamu kwa mfano, inapunguzwa siku kwa siku, pamoja na vitamini B1 maana walevi wengi hawali na mwili umeishiwa hiyo vitamini. Usiende kununua diazepamu duka la dawa ukampa mwenyewe, ikikutana na pombe mwilini inaweza kumzimisha pumzi.

Kwa mtu wa UNGA ni tofauti. Arosto ya heroini, yani mateso ya mwili ukikosa unga, inatesa vibaya sana, mifupa inauma, kuhara, kutapika, vipele vya baridi mwili mzima, machozi na kamasi, siku tatu za mwanzo ndo kali na karibu wiki inapungua. Kwa kawaida yenyewe haiui kama ya pombe, japo kuhara na kutapika bila maji kunaweza kumuangusha mtu dhaifu. Hatari kubwa inakuja BAADA. Mwili ukishakaa wiki kadhaa bila unga ule uwezo wa kuhimili unashuka, akitoka akapiga kipimo kilekile cha zamani anazidiwa, pumzi inasimama. Ndo mana wengi wanafia siku za mwanzo baada ya kutoka gerezani, kutoka soba, au kutoka kwenye chumba alichofungiwa na familia. Yani mmemfungia kwa upendo mkamfungulia akafa.

Minyororo na viboko sivijadili, havitibu kitu.

Nimesikia kuna dawa unamwekea kwenye chai bila yeye kujua na anaichukia pombe.

Dawa unayoisikia ni disulfiramu. Ipo kweli na ni ya siku nyingi, imeanza kutumika kwa walevi miaka ya 1940 huko Denmark. Inazuia mwili kumalizia kuivunja pombe, sumu inajikusanya, mtu akinywa uso unakuwa mwekundu, anatapika, moyo unaenda mbio, presha inashuka. Sasa fikiria mtu hajui kawekewa, kaenda kilabuni kama kawaida yake, kanywa chupa nzima, na pengine ana moyo mgonjwa. Umemuua mumeo kwa chai. Hii dawa inatolewa kwa mtu aliyekubali mwenyewe, kapimwa, anajua akinywa kitatokea nini. Zipo na nyingine za kupunguza hamu kama naltreksoni, nayo pia ni kwa daktari. Vile vichupa vya mitishamba vinavyouzwa stendi vimeandikwa "acha pombe siku 3" achana navyo.

Mume wangu anakunywa bia tu, gongo hagusi, na kazini anaenda. Huyo si mlevi, au?

Kilevi kilichomo kwenye bia ndo kilekile kilichomo kwenye gongo, tofauti ni ukali. Aina ya kinywaji haikuambii kitu. Jiulize hivi: akipanga kunywa mbili anapitiliza? Siku asipokunywa anakuwaje, anatetemeka, anagomba? Kiwango kinapanda mwaka ata mwaka? Ameshajaribu kupunguza akashindwa? Kuna mambo kayaacha kwa sababu ya pombe? Majibu yakiwa ndiyo kwa kadhaa hapo basi kuna shida, ata kama anavaa tai na mshahara unaingia. Watu wa kazi zao ndo wanachelewa kutibiwa kuliko wote, kwa sababu hela inaficha.

Wavuvi wanasema bila pombe huwezi kuhimili baridi ya ziwani usiku.

Wanasema na wanaamini, ila mwili unafanya kinyume. Pombe inafungua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, unasikia joto usoni, kumbe joto la ndani ndo linatoka nje. Ukiwa mtumbwini umelowa ni mbaya zaidi. Alafu mlevi na maji sihitaji kueleza.

Ila tuseme na upande mwingine, hawa watu nawaelewa. Usiku kucha na taa za dagaa, asubuhi umeshusha Kibirizi au Katonga, hela taslimu mkononi, usingizi wa mchana hauji, kilabu kipo hatua chache. Zikija siku za mbalamwezi dagaa hawavutwi na taa, watu wanakaa nchi kavu mikono mitupu, hapo ndo naona wengi waliokuwa wameacha wanarudia. Na mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, jiulize kijana ambaye kila anachokijua ni ziwa na kijiwe, ziwa likiondoka kinabaki nini. Kwaiyo ukimsaidia mvuvi kuacha, panga kabisa siku za mbalamwezi atafanya nini. Kumwambia "jikaze" haitoshi.

Metadoni si ni kumpa unga wa serikali badala ya unga wa mtaani?

Hili ata wasomi wanauliza. Metadoni, dawa wanayopewa watu wa unga kliniki, inashika sehemu ileile ya ubongo inayoshikwa na heroini, hiyo ni kweli. Tofauti ni kwamba ni ya kunywa, kipimo kinajulikana, inakaa mwilini siku nzima bila kupandisha stimu na kushusha, mtu anakunywa mbele ya muuguzi mara moja kwa siku alafu anaenda zake kazini. Haangaiki kutafuta kete, haibi, hachangii sindano, kwaiyo na hatari ya ukimwi na homa ya ini inashuka. Metadoni ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Hapa kwetu kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, baadae zikaenda Mwananyamala, Temeke, na mikoa kama Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga, na huduma ni bure.

Watanywa mpaka lini? Wengine mwaka, wengine miaka mingi. Mtu wa presha anakunywa vidonge miaka ishirini na hakuna anayemwambia amebadilisha ugonjwa kwa vidonge. Anayemkatisha mwenzie metadoni ili "apone kabisa" mara nyingi anamrudisha kijiweni. Hiyo dawa ni ya watu wa heroini na jamii yake lakini, mlevi wa pombe haimhusu, na wa bangi pia haimhusu.

Soba miezi sita, akitoka si kapona?

Kaanza vizuri. Soba inampa mtu mda, ratiba, chakula, wenzake wanaomuelewa, na umbali na kijiwe. Hiki cha mwisho kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Wamarekani waliwafuatilia wanajeshi wao waliorudi kutoka vita vya Vietnam mwanzoni mwa miaka ya 1970, wengi walikuwa wamekuwa waraibu wa heroini kulekule vitani, na walipofika nyumbani wengi wao waliacha, kwa sababu kila kilichokuwa kinawaita kutumia walikiacha kule. Sasa wa kwetu ni kinyume. Tunamtoa Mwanga au Ujiji tunampeleka mbali, anakaa vizuri kabisa, alafu anashuka kwenye treni anarudi chumba kilekile, washkaji walewale, pusha (muuzaji wa unga) yule yule ana namba yake, na kazi hana.

Kwaiyo swali la maana kabla hajatoka ni anarudi wapi na kufanya nini. Kama kuna shangazi Kasulu anaweza kumpokea akalima nae msimu mmoja, ni bora kuliko kumuongezea miezi miwili ya soba. Alafu soba zenyewe hazifanani, uliza kama kuna mtaalamu wa afya anayefika, uliza kama wanapiga watu, uliza kama mgonjwa anaruhusiwa kuongea na ndugu. Wakikuzuia usimuone kabisa, ogopa.

Amerudia tena. Ng'ombe nimeuza, hela yote imepotea. Sikio la kufa halisikii dawa bwana.

Pole, na hasira unayo haki nayo. Ila kurudia ni kawaida ya ugonjwa wenyewe, kati ya waliotibiwa kama 40 mpaka 60 kwa kila 100 wanarudia wakati fulani, na watu wa presha na pumu wanaoacha masharti yao wapo kwenye viwango vya hivyohivyo au zaidi. Miezi aliyokaa safi haijafutika, mwili ulipumzika, na sasa mnajua ni kitu gani kilimrudisha. Ilikuwa hela ya mkupuo? Msiba? Ugomvi na mkewe? Hicho ndo cha kufanyia kazi raundi hii. Mrudishe kwenye huduma haraka, usisubiri aharibike vizuri kwanza.

Wazee wanasema mwache afunzwe na ulimwengu, akichoka atarudi mwenyewe.

Ulimwengu unafunza kwa kifo, jela na ini. Hakuna haja ya mtu kupoteza kila kitu ndo atibike, aliyekuja bado ana mke, kazi na afya ana nafasi nzuri zaidi. Na sio lazima aje kwa hiari ya asilimia mia, wengine wanaletwa wamenuna, wiki ya tatu wanakuambia asante.

Bangi si mmea tu, haina uraibu?

Ina. Karibu mmoja kati ya kumi wanaotumia anakuwa tegemezi, na walioanza wadogo ni zaidi. Kuna wengine, hasa kama kwenye ukoo kuna ugonjwa wa akili, inawafungulia wazimu. Mmea hata tumbaku ni mmea, waulize wa Tabora wanaoilima.

Sigara na ugoro je?

Nikotini ni kati ya vitu vigumu kuacha duniani, na tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kwa mwaka. Ila haivunji vyombo usiku kwaiyo hakuna anayeleta mgonjwa.

Kubeti nako ni uraibu au mnaongeza tu?

Ni uraibu, upo kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Hakuna kinachoingia mdomoni lakini ubongo unachezewa kilekile, na ile mikeka (orodha za mechi mtu alizobashiri) ya "imekufa kwa timu moja" ndo inakamata zaidi, maana karibu-kushinda kunamfanya mtu arudi kuliko kushindwa kabisa. Kijana wa bodaboda anapeleka hesabu ya bosi kwenye simu. Siku hizi naona wengi kuliko wa bangi, na wengi wao wanakuja kwa sababu ya mawazo ya kujiua, sio kwa sababu ya kubeti. Ukimuona mtu ana madeni ya siri na hachezi mbali na simu, muulize wazi kabisa kama anawaza kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo, kunampa mlango.

Wanawake hawapati hii shida sana eti?

Wanapata, wanafichwa. Mwanaume akilewa mtaa mzima unacheka tu, mama akilewa anafungiwa ndani na watoto wanafundishwa kusema mama ana malaria. Alafu kwa kiwango kilekile cha pombe mwanamke anadhurika haraka. Kama ni mjamzito aseme kliniki mapema, asijikatie ghafla mwenyewe nyumbani, na sisi wahudumu tuache kuwasema vibaya mbele ya foleni.

Maziwa, kahawa, kuoga maji ya baridi vinatoa pombe?

Hapana. Ini lina spidi yake, kama bia ndogo moja kwa saa hivi au zaidi. Ukimpa kahawa unapata mlevi aliyeamka.

Ameshaacha mwaka wa pili sasa, bia moja ya harusi ina shida gani?

Kwa aliyekuwa amefikia kutetemeka asubuhi, hiyo moja sishauri kabisa. Wapo wachache wanaoweza, ila hakuna kipimo cha kumjua nani ataweza, na anayesema "mimi naweza" ndo huyohuyo aliyesema mwanzo. Wenye sherehe nao waache kulazimisha watu, soda ipo.

Tunaanzia wapi hapa Kigoma?

Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wakuandikie rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni ulizia huduma ya afya ya akili, wa Tabora ulizia hospitali ya Kitete. Ikiwa nzito zaidi kuna hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure, 119, wanaweza kukuelekeza kwenye tiba.

Nenda na ndugu anayemjua vizuri. Semeni ukweli wote: anatumia nini, kiasi gani, tangu lini, mara ya mwisho saa ngapi, alishawahi kuanguka kifafa au hapana, na dawa nyingine anazokunywa. Daktari anataka kujua cha kutibu, kukamata mtu sio kazi yake. Na kama asubuhi hiyo alishazimua kabla hamjatoka nyumbani mleteni hivyohivyo, ananuka ananuka tu, msimrudishe kulala mkasema mtakuja siku akiwa mzima.